Tupeane uzoefu: jina lako mtaani linamaanisha nini?

Habari zenu wakuu. Mi naitwa Hawa, jina la mama yetu sote, mke wa Adamu, halina ubaya wowote ukiliangalia. Sema Kiswahili kimeniwekea mtego, hawa ni mimi na hawa ni wale pale.

Shule ya msingi, siku moja mwalimu wa zamu kakuta kundi la wachelewaji wamejibanza mlangoni, akafoka "hawa nje!" Mi nimekaa zangu mstari wa mbele, nimewahi, hata jasho la kutembea lishakauka, nikanyanyuka nikatoka nikapiga magoti na wenzangu. Fimbo imefika kwangu mwalimu ananiuliza we umefanya nini, nikamwambia si umeniita.

Ukubwani nimegundua huwa naokolewa na sarufi. Mtu akisema "Hawa amekuja" ni mimi, "hawa wamekuja" ni watu wengine, hapo hakuna ugomvi. Kinachoniua ni hiki kineno "ni". "Hawa ni balaa", "hawa ni hasara tupu", hapo ntajuaje? Baba mwenye nyumba akipita koridoni na simu sikioni anasema "hawa ni shida" nabaki nawaza ananisema mimi au anasema wapangaji wote, na mpangaji pia ni mimi, kwahiyo nimo kote kote.

Afu kuna majirani wa jina. Kazini tupo kina Hawa wawili, sasa kaka mmoja ili asituchanganye akaniseva kwa herufi ya kwanza ya jina la baba, ambayo ni R. HawaR, bila nafasi katikati. Nikampigia usiku kumuuliza funguo za stoo kaziacha wapi, simu akapokea mkewe. Sitaki hata kuhadithia nilichoambiwa. Kesho yake ilibidi niende kwao na kitambulisho mkononi kumuelewesha dada wa watu, na swali langu lilikuwa moja tu, nani mwenye akili timamu anamseva hawara yake kwa jina la hawara?

Haya, na nyie leteni yenu. Jina lako limekuponza wapi?

Ndala Fupi
Dada Hawa pole, we unachanganywa tu, mi natukanwa. Naitwa Mwajuma. Wabongo wote mnajua kinachofuata baada ya hilo jina: "ndala ndefu". Yaani binti wa uswazi, mshamba, mdomo mrefu, anaenda kugombana bombani na kanga kiunoni. Nimepewa na bibi kwa sababu nilizaliwa Ijumaa, basi, hakuna kingine. Nimesoma mpaka chuo, nipo kaunta ya benki, siku moja mteja anasoma kibao cha jina kifuani kwangu anaanza kucheka peke yake, akamnong'oneza mwenzie, wakacheka wote wawili. Nikamuuliza kwa upole kabisa "samahani kaka, nikusaidie nini?" akasema hapana dada, nimekumbuka kitu tu. Kitu gani wakati mi najua!

Kinachoniuma zaidi, wanaocheka wengi wamelelewa na kina Mwajuma haohao. Utani huu ni wa kudharau watu wa hali ya chini ila umevalishwa kicheko. Kwenye interview siku hizi najitambulisha Mwaju, naambiwa oh jina zuri, asili yake wapi? Asili yake ndala ndefu mzee.

Beti wa kwanza
😂😂 Mwaju umenimaliza. Mi ni Betty. Sekondari mwalimu wa Kiswahili akisema "shairi hili lina beti tano" darasa zima linageuka kunihesabu. Nikajua yameisha, kumbe kubeti kunakuja. Sasa hivi nikisalimia vijana kijiweni jibu ni "Beti mkeka umechanika?"

Ila kubwa kuliko ni la shemeji yangu. Alikuwa anakula hela za nyumbani kwa kubeti, dada akamkalisha kikao, shemeji akaapa mbele ya ukoo "kuanzia leo nimeachana na beti". Kimya. Shangazi yetu mmoja aliyetoka kijijini ambaye hajui kubeti ni nini akanigeukia akasema, "Na wewe mwanangu, mume wa dada yako?"

Mtoto wa Gereji
Jackline hapa, nyumbani Jeki. Baba ana gereji uani. Mgeni kaja ananiuliza, fundi mmoja akamjibu bila kuinua kichwa "Jeki iko chini ya gari". Mgeni akapiga yowe. Angesikiliza vizuri hiyo "iko" asingepata presha.

Salama mie
Naitwa Salama. Mliosoma enzi za matangazo ya kondomu za jina hilo mnajua, mi sina la kuongeza.

Jirani wa Kaskazini
Mimi niko Kenya na naitwa Wanjiku. Huku hilo jina ndilo mwananchi wa kawaida, mlalahoi. Lilitoka kwa Moi, wakati wa mvutano wa katiba miaka ya 1990 alimtaja Wanjiku kama mfano wa mtu asiyeweza kujua mambo ya katiba. Likamgeukia, wanaharakati na wachora vibonzo wakaliokota, na hadi katiba mpya inapita 2010 watu walikuwa wanaiita ya Wanjiku. Kwa hivyo kila Juni bajeti ikisomwa nasikia kwa redio "Wanjiku ataumia", "Wanjiku kubeba mzigo", na nyanya yangu huwa ananipigia simu kuuliza kama nimekula. Hatanii. Anauliza kweli.

Mzee wa Kuchokonoa
Dada Hawa, na "hewa" je? Maana nikikutafuta nikuulize uko hewani ntakuwa nimekosea jina au nimepatia?

Hawa (mwenye uzi)
Mzee umegusa kidonda. 2016 si mnakumbuka serikali ilivyokuwa inasaka watumishi hewa, kila ofisi ni uhakiki. Mi mwajiriwa, nipo kabisa, napumua. Orodha ikabandikwa ukutani, karani kakosea herufi moja tu, nimeandikwa HEWA. Nikapanga foleni tangu asubuhi na vyeti vyangu kwenye bahasha. Nimefika mezani, yule mhakiki akaangalia orodha, akaniangalia, akaangalia tena orodha, akauliza "kwahiyo mtumishi Hewa ni wewe?"

Sijui ni njaa au nini, nikajibu "ndiyo, ni mimi".

Foleni nzima ilikaa chini kwa kucheka. Mshahara haukuguswa, ila ofisini Hawa wa pili ndo amebaki na jina lake, mi mpaka leo naitwa Hewa.