Sado ya inchi 2 inavuja kwenye bomba la chuma

Mparachichi_Tukuyu: Wakuu, nisaidieni. Bomba langu la shambani ni poli (la plastiki) ya milimita 63, ila linapovuka kijito kuna kipande cha chuma cha inchi 2 alichoacha marehemu mzee. Nilinunua sado mbili zinazofanana (vile vibano vya kufunga juu ya bomba lililotobolewa ili kutoa tawi la maji), muuzaji akaniapia "zote inchi 2 hizo". Ya kwenye poli kavu kabisa. Ya kwenye chuma inarusha maji mpaka kwenye migomba, na nimekaza hadi boliti moja imekatika. Sasa nimezungushia mpira wa baiskeli, aibu tupu.

FundiBomba_Uyole: Pole kaka. Chuma cha inchi 2 kwa nje ni kama milimita 60, poli yako ni 63 kamili. Hicho ni kiatu cha baba kwa mtoto. Tafuta sado ya mkanda: kichwa juu, mkanda wa chuma unazunguka bomba na kukazwa kwa nati, hivyo inakubali vipimo vinavyopishana. Soma vipimo vyake, 60 iwe ndani. Sugua kutu kwa brashi ya waya mpira unapokaa. Halafu kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo.

Mama_wa_Makambako: Usimwamini muuzaji. Zungusha uzi kwenye bomba, upime, ugawe kwa 3.14. Uzi wa milimita 189 ni chuma chako; 198 ni poli. Na tundu ulitoboa na nini?

Mparachichi_Tukuyu: Chuma kwa drili, dada. Poli… msumari wa moto. Msinipige.

FundiBomba_Uyole: 😂 Hiyo nayo utaturudia.