Yah: Kusoma pembe za pronghoni kabla ya kufyatua

Kutoka Denver

Ndugu zangu, habari za huko. Tuko watatu, tumepata leseni za kuwinda dume la pronghoni (mnyama wa Amerika Kaskazini anayefanana na swala) huko Wyoming kwa Septemba. Kulenga si tatizo. Tatizo ni kwamba kwenye darubini kila dume anaonekana mkubwa. Mnamtofautishaje wa inchi 12 na wa inchi 15 kutoka mita 600? Na tuanze kupeleleza lini?

Kutoka Casper

Nzuri, wadogo zangu. Rula anayo mnyama mwenyewe kichwani: sikio. La dume mzima lina takriban inchi 6, na jicho lina upana wa inchi 2 hivi. Pembe ya masikio mawili ni inchi 12, dume wa kawaida. Masikio mawili na nusu ni 15, na huyo anastahili kutazamwa tena.

Mtazameni kutoka mbele, ubavuni na nyuma, msikate shauri kwa upande mmoja. Ncha ikijikunja kuelekea ndani, ukiwa ubavuni huioni, na inchi mbili zinapotea. Pembe zilizosimama wima, kinyume chake, huonekana ndefu kuliko zilivyo. Upana kati ya pembe mbili nao hupendeza macho, lakini Boone and Crockett, klabu inayoweka rekodi za wanyama waliowindwa, hawaupi alama hata moja.

Wanachohesabu ni urefu wa kila pembe, urefu wa tawi lake (kichomozo cha mbele), na mizingo minne: mmoja kwenye shina, na mitatu kwenye robo ya kwanza, ya pili na ya tatu kupanda juu. Tofauti kati ya kulia na kushoto hukatwa, kwa hiyo tawi lililovunjika ni hasara. Chukueni pembe ya inchi 15, tawi 5.5, mizingo 6.5, 6.25, 4 na 2.75. Jumla 40, pembe mbili 80, na 80 ndiyo alama ya chini ya kitabu chao cha tuzo (cha rekodi za kudumu ni 82). Hesabuni wenyewe: mizingo peke yake ni 19.5, karibu nusu. Pembe nene ya inchi 14 humshinda kwa urahisi mwembamba wa 16, na hapo ndipo wawindaji wengi hutumia leseni yao kwa dume asiyestahili.

Unene usomeni ubavuni: shina liwe pana kuliko jicho, bila ya kubahatisha. Halafu tawi. Lianzie usawa wa ncha ya sikio au juu zaidi. Likiwa juu, mzingo wa pili unaangukia sehemu ambayo bado ni nene. Likiwa chini, pembe imeshakonda mapema. Tawi hupimwa kuanzia mgongo wa pembe, kwa hiyo linalochomoza mbele kwa nusu sikio, inchi 3, litatoa 5 na zaidi.

Kupeleleza: mwisho wa Julai. Pronghoni huambua ala ya pembe (ganda lake la nje) kila mwaka baada ya kupandana, kwenye Novemba hivi, na mpya huota wakati wa baridi na masika. Kufika Agosti imekamilika karibu yote. Baridi kali ikiwakondesha, pembe nazo hudumaa. Baridi ya 2022 hadi 2023 iliua wengi kusini-magharibi mwa Wyoming, na leseni zikapunguzwa.

Angalieni alfajiri na jioni. Kuanzia saa nne asubuhi mazigazi huchezesha pembe, na kukuza darubini hadi mara 60 kunazidisha tu. Rudini mara 25 au 30. Kaeni ndani ya gari, injini ikiwa imezimwa, maana gari hawaliogopi kama mtu anayetembea. Agosti anzieni kwenye maji. Tafuteni pia manyoya kwenye waya wa chini wa uzio: hupita chini, ni nadra kuruka.

Kutoka Greeley

Shikamoo kaka wa Casper. Naongeza mambo ya karatasi. Aliyezaliwa 1966 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mwenye viza ya muda, asiye na kadi ya kijani, sheria ya shirikisho humkataza bunduki isipokuwa ana leseni halali ya kuwinda, basi aibebe mwilini. Vaeni nguo moja ya rangi ya chungwa au waridi inayong'aa. Dume ana doa jeusi shavuni chini ya sikio; lihakikisheni, kwani majike wengine wana vipembe vifupi.

Nyama ya pronghoni huharibiwa na joto, si na mnyama mwenyewe. Toeni matumbo papo hapo, mchune ndani ya saa moja, barafu iwe tayari garini. Alama ya jinsia ibaki kwenye mzoga njiani. Waislamu, Bismillah ni wakati wa kufyatua, na mkimkuta bado hai, chinjeni.

Kutoka Denver

Ahsanteni sana. Je, pembe tukazipime siku hiyohiyo?

Kutoka Casper

Andikeni vipimo vyenu, lakini vya rasmi husubiri siku 60 zikauke, na hupungua kidogo. Msizibebe kwa kushika pembe: ala huweza kuchomoka kwenye mfupa. Ikichomoka, isafisheni ndani, ikaushwe, kisha irudishwe kwa gundi baada ya kupimwa.