Mama anakataa kukatwa mguu, anasema atafufukaje na mguu mmoja. Naomba ushauri

Binti_Machame: Habari za jioni wapendwa. Mama yangu ana miaka 68, ana sukari, na kidonda kilichoanzia kidole gumba kimeoza mpaka karibu na kifundo. Daktari anataka kukata chini ya goti. Mama hataki. Haogopi maumivu wala magongo. Anasema kila Jumapili tunakiri ufufuo wa mwili, na baba alizikwa kihambani, shambani kwetu nyumbani, na viungo vyake vyote. "Nisimame siku hiyo mbele ya baba yenu kwa mguu mmoja, mwingine mmeuacha kwenye tanuru la hospitali?" Kaka akamjibu kwamba mwili ni ganda tu, kinachookolewa ni roho. Mama akamtazama: "Sasa huwa mnakiri nini pale kanisani?" Fomu ya ridhaa ameiweka chini ya chupa ya uji tangu juzi. Nimwambieje?

Nesi_Mstaafu: Pole dada. Kuoza hakungoji mjadala. Leo ni chini ya goti, wiki ijayo juu ya goti, na sumu ikisambaa kwenye damu mtazika mwili mzima. Mwambieni kwa upole, ila mwambieni leo.

Mzee_wa_Kanisa: Binti, mama yako yuko sahihi kuliko kaka yako. Habari za ganda ni za Wagiriki wa kale, si za Paulo. Soma 1 Wakorintho 15, mtu anauliza hilohilo: wafu wanafufuliwaje, wanakuja kwa mwili gani? Paulo anamjibu kwa mbegu. Unachofukia si kile kinachochomoza, lakini bila hicho hakichomozi kitu. Msomee sura yote, mkulima ataielewa kuliko sisi wa mjini.

Halafu mkumbushe mashahidi wa Namugongo, Uganda, 3 Juni 1886. Karoli Lwanga na vijana wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto. Yalibaki majivu. Nani anadhani Mungu atashindwa kuwapata? Augustino wa Hippo, askofu wa kale, alijadili hata walioliwa na wanyama, na kwake hakuna kinachompotea Muumba.

Sabato_Njema: Mwambieni ukweli, wafu hawajui neno lolote, Mhubiri 9:5. Huyo baba amelala mpaka parapanda.

Mzee_wa_Kanisa: Ndugu yangu, kama wamelala au wako peponi na yule mnyang'anyi wa msalabani, fungua uzi wake nitakuja. Hapa kuna mgonjwa. Kwenye huo mguu mimi na wewe hatuna ugomvi.

Dogo_Tandale: Si Yesu alisema mguu ukikukosesha ukate? Marko 9 iko wazi kabisa.

Nesi_Mstaafu: Ukimsomea hiyo mtu wa sukari atadhani mguu wake umetenda dhambi. Dada, usithubutu.

Mjukuu_wa_Kibosho: Babu yangu alikatwa 2009. Tuliuomba mguu kabla hajaingia chumba cha upasuaji, maana ukichelewa unaweza kukuta umeshachomwa. Tulipewa umefungwa vizuri, tukachimba shimo migombani, mwinjilisti akaomba sala fupi. Majirani walicheka, eti msiba wa mguu. Babu usiku ule alilala fofofo. Alipofariki tulimzika palepale. Muulizeni daktari mapema.

Binti_Machame: Mrejesho, wapendwa. Daktari alikubali, mama akasaini jana asubuhi. Ameingia saa nne, ametoka salama, sasa anadai chai. Ile sura ya 15 alinisimamisha kwenye mbegu, akasema hata kahawa ukifukia punje haichomozi punje. Kaka wa ganda ndiye aliyechimba shimo, huku mama akimwelekeza kwa simu: upande wa kulia wa baba, usisogee. Na ameagiza mguu uvishwe soksi, kihambani asubuhi kuna baridi.