Mkazo wa konani unapanda kila nikipunguza ukubwa wa elementi, programu ina kasoro?

Mchora_Vyuma: Wakuu, naomba msaada. Natumia programu inayokokotoa mkazo (nguvu kwa kila eneo, kwa MPa) kwa kuligawa umbo katika vipande vidogo, yaani elementi. Nina bamba la chuma la umbo la L, kona ya ndani nimeichora kali kabisa, nyuzi 90. Kwa elementi za mm 4 mkazo wa konani ni MPa 180. Kwa mm 2 ni 247, kwa mm 1 ni 338. Kwingine kote namba zimetulia. Niandike ipi kwenye ripoti?

Kipimapembe: Usiandike hata moja, mkuu. Programu ni nzima. Kona isiyo na mviringo wowote, kwa hesabu za unyumbufu (zinazochukulia kuwa chuma hurudi umbo lake kikiachiwa), ina mkazo usio na kikomo. Gawa 247 kwa 180, kisha 338 kwa 247: zote zinakupa 1.37. Mtafiti Williams alionyesha mwaka 1952 jinsi mkazo unavyopanda kadiri unavyoikaribia kona kama hiyo, na kwa nyuzi 90 kila ukipunguza umbali kwa nusu unazidishwa mara 1.37. Namba zako ni safi sana!

Weka mviringo ambao kifaa cha kukatia kitauacha kweli, ndipo upunguze ukubwa wa elementi mpaka namba itulie. Kwa fomula ya mhandisi Inglis ya 1913, mwanya uliokingama na mvuto (nguvu inayovuta bamba), wenye nusu urefu wa mm 10 na ncha ya nusukipenyo mm 0.1, huzidisha mkazo mara 21. Ncha ikiwa mm 2.5, mara 5 tu. Ndiyo maana mafundi hutoboa tundu mwishoni mwa ufa.

Keekee: Niongeze: chuma laini hulegea kidogo pale konani, hivyo mzigo wa mara moja kinaweza kuuhimili. Mzigo wa kurudiarudia ndio unaoanzisha ufa.

Mchora_Vyuma: Asanteni. Na nikizika kibamba cha chuma ndani ya plastiki, si kitaiimarisha?

Kipimapembe: Inategemea kimelalaje. Tundu la duara huzidisha mkazo ubavuni, mara 3. Kitu kigumu cha duara kilichozikwa hukusanya mkazo kwenye ncha zinazotazama mvuto. Kibamba chembamba ndiyo kinyume kabisa cha ufa: kikikingama na mvuto hakisumbui sana, ila kikilala kuufuata, ncha zake hukusanya mkazo kama za ufa. Nimeliangalia hili kwenye resini angavu kati ya vichujio viwili vya mwanga. Mistari ya rangi inayoonyesha mkazo inasongamana nchani mpaka jicho linashindwa kuitenganisha, na kibamba kubanduka na resini huanzia hapo hapo. Viringisha ncha, na utuwekee mchoro unaoonyesha mvuto unatoka upande gani.