Wauza spea za elektroniki Kariakoo, hili neno "ni ileile" mtatuunguzia nyumba nalo

Wakuu, habari za saa hizi. Naandika usiku huu nikiwa na lengelenge kwenye kidole, na lengelenge lenyewe nimelinunua shilingi elfu nne Kariakoo, bila risiti.

Mimi si fundi wa kulipwa. Nina kazi yangu nyingine, haya mambo ya saketi nayafanya jioni na Jumapili kwa raha zangu tu toka nipo sekondari. Safari hii nilikuwa naunda kidude cha kumwagilia tuta la mchicha hapa nyumbani Goba. ESP32, yaani kikompyuta cha kwenye kibodi kidogo, inapima unyevu wa udongo, udongo ukikauka inawasha kipampu cha volti 12. Katikati inakaa mosfeti, ndiyo swichi. Sasa ESP32 inatoa volti 3.3 tu, na si kila mosfeti inafunguka kwa volti hizo. Kwa kipampu kidogo kama changu IRLZ44N inatosha, maana hiyo imetengenezwa kwa ajili ya volti ndogo. Mwenzake IRFZ44N inataka volti 10 kwenye geti, ule mguu unaoiamrisha, ndiyo ifunguke sawasawa. Kwa umbo ni mapacha kabisa, ukiziweka kiganjani kinachozitofautisha ni herufi moja.

Nikaandika kwenye karatasi: IRLZ44N. Ile L nikaipigia mstari mara mbili.

Dukani nikamkuta kijana, hedifoni sikio moja. Akaipokea karatasi, akaitazama kama mwandiko wa daktari.

"Hii ipo bosi." Akachota mbili kwenye boksi. Nikasogeza kwenye mwanga nikasoma: IRFZ44N.

"Mdogo wangu, hii ni F. Mimi nataka L."

"Ni ileile bosi. Hiyo L ni ya kampuni tu."

Ya kampuni tu! Nikajaribu kumweleza habari ya volti za geti, akamgeukia mwenzake, mwenzake hata kichwa hakuinua kwenye simu: "Mwambie ni ileile, watu wote wanachukua hiyo." Nyuma yangu watu wanasukumana wanataka kava za simu na chaja.

Najua mtauliza, kama uliona ni F, ulinunua ya nini? Swali zuri. Nilishazunguka maduka manne juani, winga mmoja amenigandia toka la kwanza ananiahidi "bosi nakupeleka stoo wanayo", na hiyo stoo tulipofika ni frem ya ring'i laiti. Nilichoka. Nikajisemea labda itafunguka kidogo.

Ilifunguka kidogo kweli. Pampu ikaanza kuguna bila kupandisha maji, na mimi kwa ujuzi wangu wa miaka yote hiyo nikaigusa mosfeti kujua kama inapata moto. Ngozi ya kidole ikabaki pale. Nilipoweka mita kati ya drein na sosi, ile miguu miwili inayopitisha umeme wa pampu, nikakuta volti 5 na ushee zimening'inia, mahali ambapo swichi iliyofunguka vizuri ungekuta hata nusu volti haifiki. Maana yake karibu nusu ya umeme wa pampu ulikuwa unageuka moto ndani ya kidude chenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba.

Kilichoniuma kuliko kidole ni kwamba zamani hili lisingetokea, na duka la zamani halikuwa mbali na hapohapo. Wa umri wangu mnalikumbuka aina yake: kaunta ya mbao, nyuma yake ukuta mzima wa vidroo vidogo, na mzee mwenye miwani imeshuka puani. Ulikuwa hununui kwa mzee yule kabla hujajibu maswali. Unatengeneza nini? Hapo inapita volti ngapi? Iliyoungua umekuja nayo? Kama hukuja nayo anakurudisha nyumbani, hela yako mkononi.

Siku moja, nipo kidato cha tatu, nimefuata transista, BC547. Akasema zimeisha, ila C1815 itafanya kazi. Kabla hajanipa akachukua bahasha ya kaki akachora miguu ya zote mbili, upande bapa ukitazama kwangu. BC547 kuanzia kushoto: kolekta, besi, emita. C1815: emita, kolekta, besi. Akagonga kalamu kwenye mguu wa katikati. "Huku katikati ni besi, huku katikati ni kolekta. Ukichomeka kama ulivyozoea haitafanya kazi, halafu utakuja kusema mzee ameniuzia mbovu." Kisha akaipima kwenye mita yake ya mshale, mshale ukapanda, ndipo akaitia kwenye bahasha. Hela yenyewe haikufika hata nauli niliyojia. Mzee akastaafu, mahali pale sasa wanauza earpodi na makava.

Sasa linganisha na hili la fyuzi, maana hapo ndipo hasira inapogeuka woga. Mwezi uliopita nilifuata fyuzi za kioo za ampea 1 kwa ajili ya pawasaplai. Muuzaji akaniletea za ampea 10, anazisifia kabisa: "Chukua hizi mkuu, ndogo zinakatika hovyo, hizi hazikatiki." Hazikatiki! Wakuu, kazi ya fyuzi ni KUKATIKA. Inakatika ili waya wako usiungue na paa lako lisishike moto. Huyu anaiuza kwa sifa ya kutofanya kazi yake, na ninaapa kuna fundi mahali hapa mjini aliondoka nazo akashukuru. Kila siku nyumba ikiungua tunasikia "hitilafu ya umeme" yanaishia hapo. Kapasita nayo ni hivyohivyo. Umeomba ya volti 35 kwa ajili ya laini ya volti 24, unapewa ya 16, "uF si ni 1000 zote?" Yaani kipimo cha chaji inayobeba. Ndiyo, uF ni 1000 zote, na ya 16 itavimba kichwa na kupasuka, ombea tu uso wako usiwe juu ya bodi muda huo.

Transista feki za amplifaya sizizungumzii sana, mafundi wa spika mnajua mateso yenu na C5200. Halisi ya Toshiba ni volti 230, ampea 15. Mimi niliungua jozi mbili mfululizo, nikavunja moja kwa koleo, ndani nikakuta kichipu kidogo kama punje ya ulezi kimekaa peke yake kwenye bati kubwa. Nikarudi nayo dukani. Wakanionyesha kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Niwe mkweli, yule kijana simchukii. Kaajiriwa juzi, hajafundishwa, mshahara wake na wa muuza makava ni mmoja, na mwenye duka mwenyewe hajui alichonacho stoo, kontena likija anamwaga. Kodi ya frem Kariakoo hailipwi kwa rizista za shilingi mia. Na kazi imebadilika. TV ya chogo ilikuwa inamtuma fundi dukani kila wiki: leo flaibaki, kesho kapasita, keshokutwa dayodi. Dar ilipozimwa analojia Desemba 31, 2012 watu wakanunua ving'amuzi, baadaye wakahamia flati, na flati fundi anabadilisha bodi nzima, basi. Anayeuliza transista moja moja tumebaki sisi wenda wazimu na wanafunzi wa DIT, chuo cha teknolojia hapa Dar, wenye projekti.

Wenzetu yaliwakuta pia. RadioShack ya Marekani ilianza Boston mwaka 1921 kwa ajili ya watu wa redio za kujiundia, ikaja ikasukuma vidroo vya spea nyuma ya duka, mbele ikapanga simu za mkononi, na Februari 2015 ikaenda mahakamani kufilisika. Maplin ya Uingereza ikafuata 2018. Lakini hata huko sijasikia mtu akiuziwa fyuzi kwa sifa ya kutokatika.

Kuna watakaosema agiza China. Ninaagiza. Ila pampu imeharibika leo, mchicha unakauka leo, na mzigo unakuja wiki tatu zijazo kama umekuja. Wengine mtasema soma datashiti, ile karatasi ya vipimo ya mtengenezaji. Nimesoma, ndiyo maana nilijua ni F! Datashiti hainisaidii kama mwenye bidhaa anasema L ni ya kampuni. Na yule dogo wa DIT ambaye bado hajui tofauti, yeye anaondoka na F, inamgomea, anadhani kichwa chake ndicho kibovu, anahamia kuuza makava.

Sihitaji wawe mainjinia. Sema "sijui" au "haipo", nitakushukuru na kesho nitarudi.

Kwa sasa nimeitatua hivi: nimepekua kopo langu nikapata BC547 za enzi za mzee, bado zimo kwenye bahasha yake. Moja nimeiweka mbele ya ile F ili geti lipate volti 12 kupitia rizista ya 10k. Mosfeti sasa ni ya baridi kabisa. Shida ni kwamba mantiki imegeuka, BC547 ikilala pampu inawaka, kwa hiyo TANESCO wakikata na kurudisha, pampu inaamka kabla ESP32 haijaamka. Jana usiku imemwogesha paka wa jirani.

Anayejua duka lenye IRLZ44N halisi Dar, au Arusha, au hata Mwanza, aniandikie hapa. Si lazima wawe na maarifa, mradi herufi wanasoma. BC547 nimebakiwa na tatu.