Flomita inasoma 120, kompyuta inasema 96: nianzie wapi?

BombaLaPili: Habari wakuu. Nina flomita (kipima mtiririko wa maji) ya sumakuumeme, DN150 (kipenyo cha mm 150 hivi), kwenye bomba la PVC linalopandisha maji tangini. Transimita (kisanduku cha mita kinachotuma kipimo) inatoa mkondo wa 4–20 mA (4 ni sifuri, 20 ni kipimo cha juu) kwenda PLC, kidhibiti kinachoendesha pampu na kuipa kompyuta namba. Pampu ikiwaka, skrini ya transimita inasoma 120 m³/h, lakini kompyuta ya chumba cha udhibiti inaonyesha 96. Pampu ikizimwa, transimita inabaki 1.8 na kompyuta 1.4, na jumla inazidi kupanda usiku kucha. Nimezima na kuwasha, hakuna kilichobadilika. Ninunue transimita mpya?

Miliampea: Usinunue kitu, mkuu. Gawanya 96 kwa 120 upate 0.8. Gawanya 1.4 kwa 1.8, ni karibu 0.8 ile ile. Kosa likifuata uwiano namna hiyo, chanzo karibu kila mara ni kipimo cha juu kilichoandikwa tofauti pande mbili. Nadhani transimita ina 250 kwenye 20 mA, na PLC imeandikiwa 200.

Thibitisha kwa multimita. Kwanza weka pampu kwenye uendeshaji wa mkono, maana ukifungua waya PLC itaona laini imekatika na inaweza kuizima. Hamishia waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la mA, kisha uiunge kwa mfululizo, si sambamba. Hesabu: 120 ÷ 250 × 16 + 4 = 11.68 mA. Ukiipata hiyo, transimita haina kosa. Rekebisha PLC isome 250.

Halafu ilazimishe transimita itoe 4, 12 na 20 mA kupitia menyu ya majaribio. Kompyuta isome 0, 125 na 250. Ukimaliza, TOKA kwenye menyu hiyo. Ukiisahau, namba itaganda pale pale, na waendeshaji watadhani maji yametulia vizuri. Ukiona 3.6 au zaidi ya 21, kwa kawaida hiyo ni ishara ya hitilafu, usiisome kama mtiririko.

Erthi_Kwanza: Niongezee kwenye ile 1.8. Ndani ya DN150 hiyo ni kasi ya sentimita 3 hivi kwa sekunde, ndogo, lakini kwa saa 8 ni mita za ujazo 14 na zaidi zinazoingia kwenye jumla. Wengi hukimbilia kuweka kikomo cha chini ili skrini ionyeshe sifuri. Hapana! Ukifanya hivyo kabla ya kujua chanzo, unaweza kuficha maji yanayopita kweli.

Funga valvu za pande zote mbili, bomba likiwa limejaa, usubiri dakika chache. Ikishuka hadi sifuri, maji yalikuwa yanatembea. Ikibaki 1.8, angalia kama kuna hewa ndani, kisha erthi. PVC haipitishi umeme, kwa hiyo mita inahitaji pete za erthi kwenye flenji zote mbili, zinazogusa maji, na waya uliokazwa hadi kwenye mwili wa mita. Rekebisha sifuri baada ya hapo tu, maji yakiwa yamesimama na bomba limejaa.

BombaLaPili: Nimepata 11.7 mA, na PLC kweli iliandikiwa 200. Nilipofunga valvu ilibaki 1.8. Waya wa pete ya upande wa pampu ulikuwa na kutu ya kijani chini ya skrubu, unazunguka kwa kidole. Nimeukwangua na kuukaza, sasa inacheza 0.0 hadi 0.1.

Miliampea: Safi. Sasa kikomo cha chini kiweke, 0.5 inatosha. Angalia pia viwango vya alamu: kama viliwekwa kwa kufuata namba za zamani za kompyuta, vyote viko chini. Rekodi za mchana zilizohifadhiwa kwenye kompyuta zizidishe kwa 1.25. Za usiku pampu ikiwa imezimwa usizizidishe, ziondoe kabisa, hayakuwa maji.