Lushoto wikiendi moja na bi mkubwa: Irente, Magamba au Mtae?

Mtoto_wa_Kange
Wakuu, habari za wakati huu. Mwezi wa saba nampeleka bi mkubwa Lushoto, kule milima ya Usambara, Tanga. Tunatoka Dar Ijumaa alfajiri kwa basi na Jumatatu lazima niwe kazini, kwa hiyo tunalala huko Ijumaa na Jumamosi tu. Mama ana miaka sitini na kitu. Kwenye tambarare ananiacha nyuma, ila kwenye mteremko magoti yanamsumbua. Nikiuliza watu naambiwa majina yale yale matatu: Irente, msitu wa Magamba na Mtae, na kila mtu anaapa kwamba chake ndicho cha kwanza. Sihitaji kuambiwa vyote ni vizuri, hilo nalijua. Nataka kujua kipi kiachwe. Naomba kuwasilisha.

Mkazi_wa_Soni
Mtae iache. Nasema hivyo na mimi mwenyewe Mtae naipenda kuliko zote. Kule milima inakatika ghafla na kijiji kimekalia ukingo wenyewe. Chini yako iko nyika ya Mkomazi, mbele milima ya Upare, na siku ambayo anga limesafika unaiona hadi Kilimanjaro. Tatizo ni njia. Kutoka Lushoto mjini ni zaidi ya kilomita 60 za kona tupu. Mabasi ya kwenda huko hupita mjini mchana na huanza kushuka kabla hakujakucha. Maana yake ukienda kwa basi ni lazima ulale kule, na ukilala kule umeshakula usiku mmoja kati ya miwili uliyo nayo. Mama atakuwa ameshinda garini Ijumaa, ashinde tena Jumamosi, kisha Jumapili airudie njia yote hadi Dar. Hapo unamchosha tu.

Nyika_Chini
Mimi napinga. Irente ni jiwe moja la kupigia picha. Unafika, unapiga, umemaliza, na mara nyingi mna foleni ya watu mnaosubiriana pale ukingoni. Kodi gari asubuhi, uende Mtae, urudi jioni. Inawezekana.

Mkazi_wa_Soni
Inawezekana, sijakataa. Na mchana Kilimanjaro ikiwa imeshajifunika mawingu, utamwambia mama mmefuata nini?

Mama_Peasi
Nyika_Chini, Irente unaionea. Shida ni kwamba wengi wanapelekwa kwa bodaboda hadi mlangoni, wanasimama robo saa, wanageuza. Ukitembea kutoka mjini ni kama saa moja na ushee kwa mwendo wa mazungumzo. Unapita mashamba na nyumba za watu, unasalimiana nao, na ukifika Yoghoi umebakiza kidogo. Ukitokeza pale juu ardhi inaisha: Mazinde iko chini karibu mita elfu moja, mashamba ya mkonge yamechorwa mistari, barabara kuu ya Dar na Arusha imekuwa uzi, halafu nyika ya Umasaini inaendelea mpaka macho yashindwe.

Na kabla ya hapo unapita shamba la Irente la kanisa la Kilutheri, KKKT. Wanatengeneza jibini, mkate mweusi na jamu. Mnakaa bustanini mnakula taratibu. Kwa mtu wa umri wa mama yako hapo penyewe ni nusu ya safari. Mwende naye kwa gari hadi shambani, kipande kilichobaki mkitembee. Kurudi, gari liwafuate juu, asiteremke kwa miguu.

Dereva_wa_Mombo
Naongeza suala la saa, kwa sababu abiria wengi wanalikosea. Pale Irente unatazama magharibi, jua linazama upande wa nyikani. Nenda kuanzia saa kumi. Magamba ni kinyume chake, ingia asubuhi. Mkizigeuza hizo mbili mtakosa raha ya zote.

Mwezi wa saba ni kipupwe, Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi na Magamba ni juu zaidi. Koti la kweli, siyo kitenge cha kujitanda. Watu wa Pwani huwa hawaamini mpaka wafike.

Mtoto_wa_Kange
Dereva, hilo la baridi nimelichukua. Lakini ukungu je? Nimesikia mwezi huo mtu anaweza kukaa Lushoto siku nzima asione hata mlima wa jirani.

Dereva_wa_Mombo
Upo, hasa asubuhi. Ila hauko sawa kila mahali. Upepo wenye unyevu unatoka baharini, unapanda milima kwa upande wa mashariki na kumwaga maji yake huko. Ukivuka kwenda upande wa nyika umeshakauka. Ndiyo maana Bumbuli kunalimwa chai na chini ya Irente kunalimwa mkonge, na ni mlima huo huo. Kwa hiyo mjini kukiwa kumejifunga usikate tamaa, Irente inaweza kuwa wazi. Na ukungu ndani ya Magamba si hasara hata kidogo.

Mbega_Mweusi
Hapo umesema. Magamba bila ukungu naiona kama imevuliwa nguo.

Kwa anayeuliza: ile ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, kilomita chache kutoka mjini ukifuata barabara ya kwenda Malindi (ya huku huku Lushoto, siyo ya Kenya). Kiingilio kinalipwa kwa utaratibu wao, na mnaingia na mwongozaji. Msibishane naye kuhusu umuhimu wake. Mtu asiyeuzoea msitu anapita chini ya mbega hajui, na kinyonga anaweza kuwa usawa wa pua yake asimwone. Usambara Magharibi kuna kinyonga wa pembe mbili ambaye hapatikani kwingine kokote duniani. Mbega wenyewe wanaonekana vizuri asubuhi, wakitoka kuota jua. Baadaye unaishia kusikia matawi tu.

Miti nayo. Mikulo iliyobaki pale ni mikubwa kiasi kwamba mtu anaweza kujificha nyuma ya shina. Ulizeni pia mapango ambayo wenyeji wanayahusisha na Wajerumani. Lushoto yenyewe wakati wao iliitwa Wilhelmstal, na hawakupanda huku kwa bahati mbaya, walikuwa wanakimbia joto.

Ua_la_Tanga
Swali la pembeni: yale maua madogo ya zambarau ya Usambara, yanayopandwa vyunguni hadi Ulaya, naweza kuyaona Magamba?

Mbega_Mweusi
Kama ndiyo shabaha yako, tafuta upande wa pili, Amani, Usambara Mashariki. Mjerumani Walter von Saint Paul, ndiye alipeleka mbegu zake kwao mwaka 1892 na ua likapewa jina lake. Ila tahadhari, watu wengi wanaona "Usambara" kwenye ramani wanadhani ni mlima mmoja. Kutoka Lushoto kwenda Amani unashuka mpaka Mombo, unapita Korogwe hadi Muheza, ndipo unaanza kupanda upya. Katikati kuna bonde la Lwengera. Hiyo ni safari nyingine kabisa, isichanganywe na ya huyu ndugu.

Nyika_Chini
Sawa, Mtae nimesalimu amri kwa sababu ya mama, siyo kwa sababu ya hoja zenu 😂 Ukiwa na siku nne au tano na miguu mizima, itembee: Lushoto, Magamba, Lukozi, Rangwi kwa masista, hadi Mtae. Hapo hakuna Irente wala nani.

Mkazi_wa_Soni
Hiyo nakubali kwa mikono miwili.

Mtoto_wa_Kange, mmesahau kwetu. Jumapili mkishuka mtapita Soni, maporomoko yanaonekana barabarani kabisa. Mwezi wa saba maji si kama ya mwezi wa nne au wa tano, lakini yapo. Mkiwa na nafasi kuna jiwe ambalo wenyeji wanasema linakua. Wazee wana maelezo yao. Wengine wanasema jiwe liko pale pale, udongo wa mteremko ndio unaoshuka kila masika na kuliacha wazi. Msikilize yote mawili kabla hujachagua. Mlima Kwa Mungu uko karibu, ila huo ni wa vijana, mama asiupande.

Mama_Peasi
Jumapili msijazane mambo. Basi la Dar halimsubiri mtu anayeangalia jiwe.

Mtoto_wa_Kange
Wakuu nimeshiba. Ijumaa tukifika tunapumzika. Jumamosi asubuhi Magamba, mchana tunakula pale shambani, saa kumi Irente. Jumapili Soni tutaiona dirishani. Mtae nitarudi peke yangu. Limebaki moja: ndani ya Magamba kuna njia ambayo mama ataimudu?

Mbega_Mweusi
Ipo. Njia ziko fupi na ndefu, kwa hiyo mseme mapema mnapolipa kwamba mko na mtu mzima mwenye magoti, wasiwapangie ya kileleni. Mtafutieni na fimbo. Na mvua ikiwa imenyesha usiku, anzeni saa mbili na nusu badala ya saa moja, udongo wa pale ukilowa unateleza vibaya.

Mama_Peasi
Na sweta la pili liwekwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi litakalofungiwa buti ya basi. Kuanzia Soni kwenda juu atalihitaji.